Surulere: eneo moja kwenye katiba, halmashauri tatu mtaani

Machi 8, 1980, Taifa Stars walishuka uwanjani Lagos kucheza na wenyeji Nigeria katika mechi ya ufunguzi wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilikuwa mara ya kwanza Tanzania kufika fainali hizo. Nigeria walishinda 3-1, bao letu likifungwa na Thuwein Ally. Mechi mbili zilizobaki za kundi, na Misri na Ivory Coast, zilichezwa uwanja huohuo, na baada ya hapo Tanzania ilikaa miaka 39 ndipo ikarudi kwenye mashindano hayo. Wazee walioisikiliza mechi ile redioni husema ilichezwa Lagos. Ni kweli, ila Lagos ni kubwa mno. Mahali penyewe panaitwa Surulere.

Jina hilo si geni sana kwa sikio la Mswahili. Kwa Kiyoruba suuru ni subira, neno lililotoka kwenye sabr ya Kiarabu kama ilivyotoka subira yetu na saburi, na ere ni faida. Surulere, basi, ni kusema subira ina faida. Nimeichagua sehemu hii kwa makusudi. Nigeria ndiyo nchi yenye watu wengi kuliko zote Afrika, na serikali zake za mitaa zimekuwa ugomvi wa miaka zaidi ya ishirini kati ya marais, magavana na majaji. Ugomvi huo ukisimuliwa kwa ujumla unachosha na kuchanganya. Ukiutazama kutoka Surulere, unaanza kuonekana una kichwa na miguu.

Tuanze na uwanja wenyewe. Uwanja wa Taifa wa Lagos ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1973, na ni mali ya serikali ya shirikisho, ambayo makao yake yalihamia Abuja mwaka 1991. Umechakaa kwa miaka mingi. Ng'ambo ya barabara upo uwanja mwingine, uliopewa jina la mshambuliaji wa zamani Teslim Balogun, na huo ni mali ya Jimbo la Lagos. Kisha kuna vichochoro na mitaro ya maji ya mvua katika mitaa iliyo nyuma ya viwanja hivyo: hiyo ni kazi ya halmashauri. Serikali tatu zinatazamana mahali ambapo mtu anaweza kuvuka kwa dakika tano. Mtaro ukiziba na maji yakaingia ndani, mwananchi hana budi kujua ni mlango gani wa kugonga, na hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu, kwa sababu hata halmashauri yenyewe si moja. Katiba ya Nigeria inataja eneo moja la serikali ya mitaa linaloitwa Surulere. Wakazi wake huchagua wenyeviti watatu: wa Surulere, wa Itire-Ikate na wa Coker-Aguda.

Mji uliopangwa na wengine

Zamani sehemu kubwa ya Surulere ilikuwa mashamba, vichaka na maji ya kinamasi, pamoja na vijiji vya Waawori, tawi la Wayoruba, kama vile Itire, ambayo hadi leo ina mfalme wake wa kimila anayeitwa Onitire. Mji wa Lagos wenyewe ulikuwa kisiwani. Mwaka 1928, baada ya tauni kuua watu kisiwani humo, serikali ya kikoloni iliunda bodi ya kuustawisha mji na kuipa mamlaka ya kubomoa na kupanga upya. Katikati ya miaka ya 1950, uhuru ukiwa unakaribia, bodi hiyo ilianza kubomoa mitaa iliyosongamana katikati ya kisiwa. Viongozi walitaka mji mkuu wa kujivunia. Maelfu ya watu waliokuwa wakiishi humo walielekezwa bara, kwenye nyumba mpya zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka. Surulere ya leo ilianza hivyo, na wakati ule wengi waliiita Lagos Mpya.

Nyumba zilikuwa bora kuliko zile zilizobomolewa, hilo halina ubishi. Lakini kisiwani watu walikuwa wakiishi kwenye nyumba za ukoo, bibi, wajomba na wajukuu ndani ya ua mmoja, bila kodi au kwa kodi ndogo. Akina mama walikuwa wakiuza mlangoni, wateja wao wakiwa ni hao hao wapita njia wa kila siku. Surulere iliwapa vyumba, ikawanyang'anya wateja. Mume sasa alihitaji nauli ya basi kwenda kazini kisiwani, mke akakosa biashara, na kodi ya nyumba ikadaiwa mwisho wa mwezi. Baadhi walishindwa na kuhamia vitongoji vya bei nafuu zaidi, na nafasi zao zikachukuliwa na makarani na watumishi wa serikali.

Naisimulia habari hii kwa sababu inabeba jambo litakalorudi mara kwa mara katika makala haya. Waliohamishwa hawakuulizwa. Hawakuichagua bodi ile, wala hawakuwa na pa kuishitaki. Tangu siku ya kwanza, mambo ya Surulere yameamuliwa mahali pengine: kwanza ofisini kwa bodi, kisha kambini kwa majenerali, kisha kwa gavana Ikeja, makao makuu ya jimbo, na kwa rais Abuja.

Nani huhesabu maeneo

Nigeria ina tabaka tatu za serikali. Juu ipo shirikisho, katikati yapo majimbo 36, na chini yapo maeneo ya serikali ya mitaa. Kwa msomaji wa Tanzania, eneo hilo ni kama halmashauri ya wilaya au manispaa: lina mwenyekiti na madiwani wanaochaguliwa kata kwa kata. Mwaka 1976 serikali ya kijeshi ilifuta mifumo mbalimbali iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza na kuweka mmoja nchi nzima, wenye maeneo 301. Lagos ilipata 8.

Raia waliporudi madarakani mwaka 1979, magavana waliona maeneo 301 hayatoshi na wakaanza kuyagawa. Gavana wa Lagos, Lateef Jakande, aliyafanya 8 yake kuwa 23. Desemba 31, 1983 jeshi likapindua serikali, na utawala wa Muhammadu Buhari ukafuta maeneo yote yaliyoongezwa. Lagos ikarudi kwenye 8. Kisha majenerali waliofuata, Ibrahim Babangida na Sani Abacha, wakaongeza kwa amri, kidogo kidogo, hadi mwaka 1996 nchi ikawa na maeneo 774. Lagos ikaishia na 20, Surulere likiwemo.

Mwaka 1999 jeshi liliondoka. Kabla ya kuondoka lilitoa katiba, na nyuma ya katiba hiyo likaambatisha orodha ya majina ya maeneo yote, jimbo kwa jimbo. Nigeria ni moja kati ya nchi chache ambazo majina ya halmashauri zake yameandikwa ndani ya katiba yenyewe. Gavana hawezi kuongeza jina kwenye orodha hiyo kama anavyoweza kufungua soko jipya. Jenerali alitumia kalamu na karatasi tu. Mrithi wake wa kiraia anatakiwa kupitia njia ndefu, na nitaieleza baada ya kuzungumzia fedha, maana bila fedha hakuna ambaye angejisumbua.

Kobo 21 za Lagos, kobo 47 za Kano

Mapato makubwa ya Nigeria, hasa ya mafuta, huingia kwenye akaunti ya shirikisho, na kila mwezi kamati hukaa Abuja kuyagawa. Kwa kanuni inayotumika, asilimia 52.68 huenda serikali ya shirikisho, 26.72 huenda majimbo, na 20.60 huenda serikali za mitaa. Fungu hilo la mitaa nalo hugawanywa: asilimia 40 kwa usawa, yaani kila eneo kati ya yale 774 hupata kiasi kilekile, liwe na watu milioni moja au laki moja, asilimia 30 kwa kufuata idadi ya watu, na asilimia 30 iliyobaki kwa ukubwa wa ardhi, huduma za jamii na juhudi za kukusanya mapato ya ndani.

Sasa chukua naira 100 zilizowekwa mezani, kila naira ikiwa na kobo 100. Serikali za mitaa zote kwa pamoja hupata naira 20 na kobo 60. Asilimia 40 ya hizo, zile za kugawana sawa, ni naira 8 na kobo 24. Zigawe kwa 774. Lagos yenye maeneo 20 inaondoka na kobo 21 hivi. Kano yenye maeneo 44 inaondoka na kobo 47. Na Jigawa, iliyokuwa sehemu ya Kano hadi 1991, ina maeneo 27. Ukiziunganisha tena kama zamani zinapata karibu kobo 76. Hakuna ufisadi wowote katika hesabu hiyo. Ni kanuni inayofanya kazi kama ilivyoandikwa. Lakini sensa ya 2006 iliipa Kano watu milioni 9.4 na Lagos milioni 9.1, karibu sawa kabisa, huku Kano ikiwa na zaidi ya mara mbili ya maeneo ya Lagos. Na Lagos haikukubali hata hiyo milioni 9. Hesabu ya jimbo lenyewe ilileta watu milioni 17.5. Kwa Surulere peke yake sensa ilihesabu watu kama laki tano, na jimbo likahesabu zaidi ya milioni moja na laki mbili.

Siwezi kumwamulia msomaji hesabu ipi ni sahihi. Ila mtu yeyote akiona hesabu ya kobo hapo juu ataelewa kwa nini kila gavana wa Nigeria angependa jimbo lake liwe na maeneo mengi, na kwa nini Lagos ilijiona imepunjwa. Hasira yake naiona ina haki.

Gavana dhidi ya rais

Bola Ahmed Tinubu aliingia ikulu ya Lagos kama gavana mwaka 1999. Mwaka 2002 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuunda maeneo mapya 37, na kufanya jumla ya 57. Surulere likagawanywa mara tatu: Itire na Ikate wakawa na lao, Coker na Aguda wakawa na lao, na sehemu iliyobaki ikaendelea kubeba jina la zamani.

Katiba inaruhusu majimbo kuunda maeneo mapya, lakini kwa hatua nyingi. Wawakilishi wa sehemu husika waombe kwa theluthi mbili. Wananchi wa hapo wapige kura ya maoni na theluthi mbili wakubali. Madiwani wa halmashauri nyingi za jimbo waridhie. Bunge la jimbo lipitishe, tena kwa theluthi mbili. Baada ya hayo yote Bunge la Taifa, lililopo Abuja, litunge sheria ya kuingiza majina na makao makuu ya maeneo hayo. Lagos ilisema hatua zote za ndani ya jimbo imezimaliza. Hatua ya mwisho haikuwa mikononi mwake, na Bunge la Taifa halikuifanya.

Lagos haikungoja. Machi 2004 ilifanya uchaguzi katika maeneo yote 57. Aprili 8, Rais Olusegun Obasanjo akaandika barua kwa Waziri wa Fedha: majimbo yaliyofanya uchaguzi kwenye maeneo yasiyotambuliwa na katiba yasipewe mgawo wa serikali za mitaa mpaka yarudi kwenye orodha ya zamani. Yalikuwa majimbo kadhaa, lakini Lagos ndiyo iliyosimama kidete. Na mkononi mwa rais kulikuwa na silaha nzito: hakuzuia fedha za maeneo 37 mapya, maana hayo hayakuwa na mgawo wowote, alizuia za yale 20 ya halali. Mwalimu wa shule ya msingi wa Surulere, anayelipwa kwa fedha hizo, aliingia kwenye ugomvi ambao hakuuanzisha.

Lagos ikaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu, kama katiba inavyoruhusu jimbo linapogombana na shirikisho. Mwanasheria Mkuu wa Lagos wakati huo alikuwa Yemi Osinbajo, ambaye baadaye, 2015 hadi 2023, alikuwa Makamu wa Rais wa Nigeria. Hukumu ilitolewa Desemba 10, 2004, na kila upande ulitoka mahakamani ukidai umeshinda. Ukiisoma kwa utulivu utaona kwa nini. Mahakama ilisema mambo mawili yasiyopingana. Kwanza, sheria ya Lagos ilitungwa kihalali, lakini haijakamilika: maeneo yale 37 hayawezi kufanya kazi kama serikali za mitaa za kikatiba mpaka Bunge la Taifa litimize sehemu yake. Ni kama mtoto ambaye mimba imetungwa lakini bado hajazaliwa. Pili, rais hana mamlaka yoyote ya kuzuia fedha za serikali za mitaa. Hakuna kifungu kinachompa, hata kama jimbo limekosea.

Obasanjo hakuzitoa. Alishikilia kuwa Lagos irudi kwanza kwenye 20. Lagos ikarekebisha sheria yake, ikarudisha yale 20 kuwa ndiyo serikali za mitaa, na yale 37 ikayabadilisha jina yakawa maeneo ya maendeleo ya halmashauri. Watu wa Lagos huyataja kwa herufi tu, LCDA. Hata hivyo fedha hazikutoka. Zilitoka mwaka 2007, Umaru Yar'Adua alipoingia madarakani baada ya Obasanjo.

Katika habari hii yote, hapo ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Mahakama ya juu kuliko zote nchini ilimwambia rais kwa maneno wazi kwamba hana mamlaka, na rais akaendelea kwa miaka zaidi ya miwili. Walioumia si yeye wala gavana.

Chumba kisicho na hati

LCDA, basi, ni kitu gani? Fikiria nyumba yenye hati moja ya kiwanja, iliyoandikwa jina la Surulere. Wenye nyumba wamejenga kuta ndani, wakapata vyumba vitatu, kila kimoja kina mlango wake, jiko lake na mkuu wake. Jirani akipita anaona nyumba tatu. Benki ikitazama hati inaona moja. Mgawo kutoka Abuja unakuja kwa jina la Surulere, kisha jimbo linaugawa kwa vyumba vitatu. Kila LCDA ina mwenyekiti, madiwani, ofisi, watumishi na mhuri.

Kwa mkazi kuna faida ya kweli, na wanaozibeza LCDA mara nyingi huisahau. Ofisi imesogea karibu. Kusajili kizazi au kifo, kuandikisha ndoa, kulalamikia mtaro, hakuhitaji kupanda danfo, yale mabasi ya njano ya Lagos, kupita kwenye msongamano wa Ojuelegba. Diwani wa kata ndogo anafahamika kwa sura. Upande wa pili, fedha za sufuria moja zinapikiwa familia tatu, na kila familia inalipa kwanza mishahara ya wakuu wake.

Mchukue mama anayeuza akara asubuhi kando ya barabara, bajia za kunde zinazofanana kabisa na za kwetu Pwani. Orodha ya kazi za serikali za mitaa katika katiba inamgusa kila kona. Soko ni la halmashauri. Stendi ni ya halmashauri. Machinjio, makaburi, vyoo vya umma, kutupa taka, majina ya mitaa na namba za nyumba, kodi ya majengo, hata leseni za baiskeli, mitumbwi na mikokoteni, yote yametajwa. Kwenye karatasi, serikali iliyo karibu na kikaango chake ina nguvu nyingi.

Mtaani hali ni nyingine. Taka za Lagos husimamiwa na wakala wa jimbo, LAWMA. Mabango ya matangazo, ambayo katiba inayaweka chini ya halmashauri, yana wakala wake wa jimbo tangu 2006. Kodi ya majengo iliunganishwa mwaka 2001 na tozo nyingine za ardhi kuwa tozo moja inayokusanywa kwa mfumo wa jimbo. Stendi zimejaa wapiga debe, agbero, wanaodai chao kwa kila dereva. Kilichobaki kwa halmashauri ni zile tozo ndogo ndogo ambazo mnyonge ndiye anayezilipa: ushuru wa meza sokoni, kibali cha kibanda, stakabadhi ya mkokoteni wa mizigo. Kwa hiyo mama wa akara huiona serikali yake ya mitaa kwa sura ya kijana mwenye kitabu cha risiti. Na kama meza yake iko karibu na mpaka, anaweza kujikuta akieleza kuwa tayari amelipa kwa wale wa upande ule. Jimbo limechukua vyanzo vinene na kuwaachia halmashauri vile vinavyogombanisha. Hilo, kwa maoni yangu, limeharibu jina la serikali za mitaa kuliko wizi wowote wa mwenyekiti mmoja mmoja.

Hata mgawo wenyewe haukuwa unafika mkononi. Katiba inasema fedha za mitaa zipitie kwa jimbo, katika akaunti ya pamoja ya jimbo na halmashauri. Humo hukatwa kwanza mishahara ya walimu wa shule za msingi, pensheni na sehemu ya wafalme wa kimila. Majimbo mengi yalikata na mengine yasiyosemeka, na mwenyekiti aliyepata ujasiri wa kuuliza alijua kuwa gavana ana njia ya kumwondoa. Baadhi ya magavana hawakufanya uchaguzi kabisa kwa miaka. Waliteua kamati za muda na kuziongezea muda.

Na pale uchaguzi unapofanyika, tume inayousimamia ni ya jimbo, na wajumbe wake huteuliwa na gavana. Julai 12, 2025, Lagos ilifanya uchaguzi wa halmashauri zake. Chama tawala, APC, kilichukua viti vyote 57 vya uenyekiti. Mwaka 2021 ilikuwa vilevile. Si Lagos peke yake. Karibu kila jimbo, chama cha gavana hufagia, kiwe APC au PDP. Mwaka 2023, katika uchaguzi wa rais uliosimamiwa na tume ya taifa, Tinubu mwenyewe alishindwa katika Jimbo la Lagos na Peter Obi wa Chama cha Labour. Wapiga kura hao hao, kwenye uchaguzi unaosimamiwa na tume ya gavana, hawaleti mwenyekiti hata mmoja wa upinzani. Watu wamelijua hilo, na vituoni hujitokeza wachache.

Hukumu ya 2024 na swali ililoliacha

Kumekuwa na majaribio ya kuirekebisha katiba ili fedha ziende moja kwa moja kwa halmashauri. Marekebisho yanahitaji mabunge ya majimbo 24 kati ya 36 yakubali. Mabunge hayo yanaishi chini ya kivuli cha magavana, na katika awamu iliyomalizika 2023 pendekezo hilo halikufikisha idadi.

Tinubu akawa rais Mei 29, 2023. Mwaka uliofuata Mwanasheria Mkuu wake, Lateef Fagbemi, aliwashitaki magavana wote 36 katika Mahakama ya Juu. Julai 11, 2024 jopo la majaji saba liliamua: jimbo halina haki ya kushika fedha za serikali za mitaa, mgawo ulipwe moja kwa moja kwa halmashauri, halmashauri isiyochaguliwa na wananchi isipewe kitu, na gavana hana mamlaka ya kuvunja halmashauri iliyochaguliwa. Hukumu kuu iliandikwa na Jaji Emmanuel Agim. Alieleza kuwa ile akaunti ya pamoja iliwekwa kwa manufaa ya halmashauri, na kwa kuwa majimbo yameigeuza kuwa ya kwao, kulipa moja kwa moja ndiko kunakotimiza lengo la katiba.

Hukumu hiyo ilisherehekewa, na ilistahili. Ilikata shauri la kale kwa lugha ambayo hata mwenyekiti wa kijijini anaielewa. Utekelezaji ulisuasua: kulikuwa na kufungua akaunti Benki Kuu, kulikuwa na majimbo yaliyokimbilia kufanya uchaguzi wa haraka ili yasipoteze mgawo, na kulikuwa na swali la nani atawalipa walimu kama fedha hazikatwi tena juu.

Surulere ilipata swali lake la peke yake. Kama fedha zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya serikali ya mitaa iliyotajwa na katiba, zinakwenda kwa Surulere. Itire-Ikate haimo kwenye orodha. Coker-Aguda haimo. Mwenyekiti wa Surulere akizipokea, ni sheria gani itakayomlazimisha kumpa mwenzake wa Itire-Ikate fungu lake? Mpaka sasa mgawanyo ulifanywa na jimbo, likitumia ile ile nguvu ya kushika fedha ambayo mahakama imeiondoa. Yaani mfumo ulioleta LCDA karibu na wananchi ulisimama juu ya ubaya ambao mahakama imeukata, na kwa muda mrefu hakuna aliyehitaji kuukiri uhusiano huo.

Jimbo lilisema LCDA zitabaki. Kukaanzishwa mjadala wa sheria mpya ya serikali za mitaa katika bunge la Lagos, wakazi wakiwa na hofu kuwa maeneo yao yatageuzwa kuwa matawi ya kiutawala yasiyo na mwenyekiti wa kuchaguliwa. Na Machi 2025, kwenye Baraza la Wawakilishi Abuja, wabunge wa Lagos walifikisha hatua ya kusomwa mara ya pili muswada wa kuingiza maeneo yote 37 ndani ya katiba, ili idadi ya nchi nzima itoke 774 ifike 811. Ni ile hatua ya mwisho iliyoachwa tangu 2002. Majimbo mengine yana hesabu zao za kobo, na kila jina jipya la Lagos linapunguza fungu la wengine wote, kwa hiyo muswada huo una safari ndefu.

Katika uchaguzi wa Julai 2025 wakazi wa Itire-Ikate walimchagua mwenyekiti kama kawaida, wakati muswada huo bado haujawa sheria. Ana ofisi, ana madiwani, ana watumishi wanaongoja mshahara mwisho wa mwezi, ana mitaro ya kuzibua kabla mvua hazijaanza. Akifungua orodha iliyo nyuma ya katiba, kwenye ukurasa wa Lagos, atakuta majina 20. Atakuta Surulere. Lake halipo.